Kikao cha Imani Kamili

Chama kiliutangazia umma, kwa furaha kubwa, kwamba hakuna mgogoro wowote kati ya wabunge wake na Kiongozi wao bungeni, na kwamba kikao cha Jumatano saa kumi jioni kingethibitisha kutokuwepo kwa mgogoro huo. Tangazo lilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha mikutano. Kwa kuwa hapakuwa na mgogoro, liliwekewa askari mmoja tu.

Kiongozi aliliandika mwenyewe. Alikuwa amekikalia kiti kile miaka tisa, kiti pekee chenye magurudumu, na wazo la kurudi benchi la nyuma, jirani na mlango wa choo, lilimtia hofu asiyoweza kumwambia hata mkewe. Usoni alikuwa mkavu.

Chokochoko aliianzisha Mwalimu, mbunge aliyefundisha hesabu kabla ya kuingia siasa. Alipitisha karatasi: Kiongozi hasikilizi mtu, ang'oke. Kanuni ya Nane ilitaka saini kumi na tano za wanachama wenye nidhamu. Akazipata kabla chai haijapoa.

Kiongozi akamwita Katibu, mama wa makamo aliyeandika mihtasari ya chama tangu enzi za taipureta.

"Zimetimia?"

"Kumi na tano, Mheshimiwa."

"Mtu aliyesaini kunipinga ana nidhamu?"

Katibu akafikiri. "Kwa tafsiri yako, hana."

"Basi hesabu wenye nidhamu."

"Sifuri."

Wote kumi na tano wakasimamishwa kwa utaratibu mzuri, kila mmoja na barua yake: siku thelathini asivuke kizingiti. Kesho yake wabunge tisa walionekana wakiwapa pole wenzao. Pole ni aina ya maoni, nao wakasimamishwa. Saba walinyamaza kwa namna isiyoeleweka. Sita walimshangilia Kiongozi mno, na mtu mzima hashangilii hivyo kama hana lake moyoni. Wote hao nao wakapata barua.

Akabaki shemeji yake, kaka wa mkewe, mpole wa watu, aliyempigia kura miaka yote bila kuuliza kura ni ya nini. Jumatano asubuhi alikuja kumsalimia. Kiongozi akaiona kalamu mfukoni mwake. Ilikuwa ya wino wa kijani, na saini ya Mwalimu ilikuwa ya kijani.

"Hii umeitoa wapi?"

"Kaniazima Mwalimu, shemeji. Nilikuwa najaza fomu ya maegesho."

"Kikulacho ki nguoni mwako."

"Ni kalamu tu, shemeji."

"Ndivyo wanavyoanza."

"Na dada nyumbani nimwambie nini?"

"Mwambie ni taratibu."

Barua ya thelathini na nane ikatoka. Kiongozi akajinyoosha kwenye kiti chake, akapata usingizi mnono wa mchana. Kwa mara ya kwanza chama kilikuwa na umoja usio na doa.

Saa kumi kamili akaingia ukumbini. Viti thelathini na nane vilikuwa vitupu, na nje, kwenye kioo cha mlango, zilijipanga nyuso za waliosimamishwa. Akidi ilitimia, maana kwa Kanuni ya Tatu, aliyoirekebisha mwenyewe, akidi ni Kiongozi akiwepo.

"Natoa hoja," akasema, akisimama, "kwamba kikao hiki kina imani kamili na Kiongozi."

Katibu akaandika. "Nani anaunga mkono?"

Kiongozi akanyoosha mkono.

"Mtoa hoja haungi mkono hoja yake, Mheshimiwa. Kanuni ya Kumi na Moja."

"Mwite shemeji."

"Amesimamishwa."

"Namrudisha."

"Kumrudisha mtu ni hoja. Nani anaunga mkono?"

Kiongozi akateremsha sauti. "Mama, tuyamalize kiutu uzima. Wewe andika tu kwamba imepita."

"Miaka tisa umenifundisha kwamba kanuni haina shemeji," Katibu akajibu, bila kinyongo. "Hoja haikuungwa mkono, imeanguka. Hoja ya imani ikianguka, kiti kiko wazi saa hiyohiyo, na adhabu zote alizotoa mwenye kiti zinafutika. Kanuni ya Kumi na Mbili."

"Hiyo niliitunga kumng'oa yule aliyenitangulia."

"Ndiyo. Ukasahau kuifuta."

Nje askari alikuwa ameshaanza kubandua tangazo, na kitasa kilikuwa kikizungushwa na mkono wenye haraka.

"Lazima kuna rufaa," akasema.

"Ipo, ndani ya siku saba. Unamwandikia Kiongozi."

"Kiongozi yupi?"

Katibu akafunga daftari, akaenda kufungua mlango.

"Subiri kidogo," akasema. "Ndiyo kwanza wanaingia kumchagua."