Mkono wa Miaka Mia Nne

Mwalimu hajui kusoma gazeti kimya. Ualimu aliustaafu, ila sauti haikustaafu. Siku hiyo alifika benchini, na kabla hata kahawa yake haijamiminwa akalikunjua gazeti kama mtu anayetandika kitanda, akasoma hadi wapita njia wakapunguza mwendo.

"'Viganja vya ajabu vyagunduliwa kasrini. Wataalamu wasema vina umri wa miaka mia nne.'"

Benchi lenyewe liko kando ya barabara, mbele ya meza ya Mama Birika muuza kahawa, na ukikaa hapo unatazamana uso kwa uso na lango la kasri la kale. Kasri hilo lina mwaka wa sita sasa limezungushiwa mabomba na turubai, linajengwa upya. Wafalme waliolijenga mwanzo, tunavyoambiwa, walichukua miaka mitano, tena bila turubai.

Baba Pacha, dereva wa gari la mikate, ndiyo kwanza alikuwa anapeleka kikombe mdomoni. Kahawa ikapita njia isiyo yake, akakohoa mpaka machozi yakamtoka.

"Pole, baba. Ina moto?" Mama Birika akauliza.

"Hapana, mama. Nzuri tu."

Mwalimu hakumngoja apone. "'Viganja hivyo vinne vimekandamizwa kwenye lipu ya ukuta wa magharibi, kimo cha kiuno cha mtu mzima. Inaaminika palikuwa mahali pa ibada.' Mnaona? Mimi nimesema siku zote, watu wa kale walikuwa wafupi. Tazameni milango ya kasri. Mtu wa leo akiingia anajigonga."

"Mimi najigonga hata mlango wa bafu langu," Mama Birika akasema. "Ndiyo nimeshakuwa mfalme?"

"Mama, hii ni historia."

"Historia gani hiyo, watu wazima wenye viganja vya kitoto? Hayo mawe walikuwa wanayabeba kwa meno?"

"Walikuwa na maarifa yao. Wewe pika kahawa."

"Napika, na masikio yangu hayapo kwenye birika."

Mwisho wa benchi alikaa Fundi, mwashi wa kasri, ndani ya nguo zake za kazi, mfuko wa vifaa katikati ya miguu.

"Ile lipu nimeipiga mimi," akasema.

"Ipi?" Mwalimu akashusha gazeti.

"Hiyo ya miaka mia nne. Nimeipiga Ijumaa iliyopita, saa tisa alasiri. Nikatundika magunia mabichi mbele yake isije ikapasuka, maana lipu ya chokaa haitaki haraka, inakaa laini siku mbili tatu. Jumatatu nafunua magunia, nakuta viganja. Nikacheka. Nikashika mwiko nisawazishe, Mtaalamu wa mambo ya kale anayetusimamia akapiga ukelele nikadhani nimekanyaga nyoka."

"Sasa si ungemwambia?"

"Nimemwambia mpaka mate yamenikauka. Akaniuliza ushahidi wangu ni nini. Nikamwambia ushahidi ni mgongo, bado unauma. Akachukua kipande akapeleka kupima. Kipimo kimerudi kinasema chokaa ya kale."

"Basi kumbe," Mwalimu akasema kwa utulivu wa mtu aliyeshinda kesi. "Kipimo hakina undugu na mtu."

"Kipimo kimesema kweli, Mwalimu. Ile lipu nimeitengeneza kwa vifusi vya humo humo ndani, nimevitwanga na kuvichekecha upya. Yeye mwenyewe Mtaalamu ndiye kanifundisha. Mwaka mzima kanikalia kichwani: Fundi, nataka mtu akisimama hapa asijue upi ukuta mpya na upi wa zamani. Haya, nimeweza. Hata yeye hajui."

Mama Birika alicheka mpaka akaiweka birika chini. "Umefaulu mpaka umefeli."

"Na daftari la kazi je?" Mwalimu hakubali kushindwa kirahisi. "Kila kazi si inaandikwa?"

"Kwenye daftari ukuta ule ni wa mwezi ujao. Sisi tuliwahi. Ndiyo faida ya kuwahi."

Baba Pacha alicheka na wenzake, kicheko kikatoka kimenyooka kama cha mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Akageuza uso upande wa barabara, akajifanya anahesabu baiskeli.

"Lakini si jambo zuri tu?" akasema. "Kasri limetoka gazetini. Wageni watakuja."

"Zuri kwa nani? Kazi imesimamishwa. Mafundi sita tumeambiwa tukakae nyumbani mpaka tuitwe, na siku ya kuitwa haina jina."

"Nyumbani?" Mama Birika akamtazama nguo. "Mbona siku tatu hizi nakuona hapa kuanzia asubuhi hadi jioni?"

Fundi akatoa mwiko mfukoni, akaukwaruza kwa ukucha.

"Mama watoto hajui. Nitamwambia nini, kwamba nimefukuzwa na viganja? Kila asubuhi ananifungia chakula, navaa hivi, naaga, nakuja kukaa hapa. Juzi kaniuliza mbona nguo zangu siku hizi hazichafuki. Jana jioni nimejipaka vumbi pale kwenye kona kabla sijaingia ndani."

Baba Pacha aliona aibu, aibu ya kweli. Fundi ni rafiki yake. Siku pacha wake walipozaliwa, Fundi ndiye aliyeacha kazi yake akamsaidia kupanua chumba.

"Mimi nachotaka ni yule mtoto," Fundi akaendelea. "Maana ni mtoto tu, hakuna cha ibada. Mtoto, na mzazi wake asiye na akili. Nikiwapata hao..." Aliugeuza mwiko upande wa pili.

Baba Pacha akainuka. "Jamani, mikate itakauka garini."

"Mikate umeshagawa yote, gari tupu, nimeliona," Mama Birika akasema. "Kaa. Tena wewe, si ulisema Jumamosi mama pacha anaingia kazini, utawapeleka watoto kasrini?"

"Nilisema."

"Ukawapeleka?"

"Tuliingia, tukatoka."

"Hebu tusimulie basi. Palikuwaje?"

Hakukuwa na pa kukimbilia. Baba Pacha akakaa tena, akasimulia kwa uangalifu wa mtu anayetembea kwenye sakafu iliyopigwa deki. Wanawe wana miaka minne. Aliyetangulia kwa dakika tisa wanamwita Dada, na dakika hizo tisa anazitumia vizuri. Aliyefuata ni Kitinda. Getini walivishwa kofia ngumu, zikawafika mabegani, ikawa anatembea na sufuria mbili zenye miguu. Mtembeza wageni akaanza kueleza vita vya kwanza, Dada akauliza mfalme analala wapi. Akaambiwa alishakufa. Akauliza alianguka kutoka pale juu kwenye mabomba? Mtembeza wageni akasema hapana, ni zamani sana. Dada akasema nyumba yenyewe mbovu, baba turudi kwetu. Kitinda naye haja ikambana. Choo kilichopo ni cha mfalme, kimefungwa kwa kamba, hakiguswi.

"Ikawaje?"

"Tukaomba nyumba ya jirani. Tukarudi. Tukaona mawe. Basi."

"Na muda wote ulikuwa umewashika mikono?" Mama Birika alikuwa anasuuza vikombe, hakuonekana kama mtu anayeuliza swali.

"Mmoja huku, mmoja huku." Ndivyo alivyomwambia hata mkewe. Mkewe aliuliza unga mweupe kwenye magauni umetoka wapi, akamjibu ni chaki za shuleni, akasahau kwamba Jumamosi hakuna shule.

"Huyo ndiye mzazi," Fundi akasema kwa masikitiko. "Wangekuwa wote kama wewe, leo ningekuwa juu ya jukwaa napiga lipu."

Sifa hiyo ilimchoma Baba Pacha kuliko tusi. Mwalimu akarudi gazetini.

"Sikilizeni hapa. 'Kiganja cha tatu kina mchirizi unaopinda kuelekea kulia. Wataalamu wanaamini kuwa ni ishara ya mwezi mchanga, ulioheshimiwa sana na...'"

"Ni kamasi," Baba Pacha akasema.

Vichwa vitatu vikageuka.

"Kitinda alikuwa na mafua," akasema taratibu. "Akijifuta pua hujifutia kiganjani, kisha anapangusa popote. Fundi wangu, ni wanangu. Walijificha nyuma ya magunia, wakadhani ni pazia. Nilipowakuta walikuwa weupe mikono yote minne. Niliwakung'uta, tukatoka mbio. Sikujua kama itafika huku. Leo ndiyo nimejua kuhusu kazi yako, na nimekaa hapa saa nzima nakunywa kahawa mbele yako."

"Na mmoja huku, mmoja huku?" Mama Birika akauliza.

"Nilikuwa najipiga picha. Kuna jiwe pale limekaa kama kiti cha enzi."

Fundi alisimama. Mwiko ulikuwa bado mkononi. Baba Pacha akanyakua gazeti kwa Mwalimu akajikinga nalo kifua, kana kwamba habari za miaka mia nne zina unene wa kuzuia chuma.

"Nipige mimi. Watoto hawana kosa."

"Nani anapiga mtu hapa? Wako wapi?"

"Shangazi yao anawatoa chekechea. Anawaleta hapa saa sita."

"Saa sita," Fundi akasema, na uso wake wote ukafunguka. "Na Mtaalamu hunywa kahawa saa sita. Kaa hapo usitikisike."

Saa sita wakafika wote, kila mmoja kutoka upande wake. Shangazi aliwaacha pacha benchini akaenda sokoni. Mtaalamu naye akavuka barabara kutoka langoni, kofia nyeupe kichwani, kwapani karatasi ngumu iliyoviringishwa. Hiyo ndiyo karatasi aliyochorea viganja, saizi yake halisi, na tangu Jumatatu haijatoka kwapani mwake, hata akienda kula.

"Watoto wazuri," akasema. "Mnajua ile ni nyumba gani?"

"Mbovu," Dada akajibu.

"Mfalme hana choo," Kitinda akaongeza.

Fundi akasafisha koo. Siku tatu alikuwa amejiandalia maneno, yakaja matatu tu. "Tandika karatasi, mzee."

Mtaalamu alishangaa, ila akaitandika kwenye benchi. Vikombe vikasogezwa. Fundi akachuchumaa mbele ya watoto, akaongea nao kwa upole ambao Baba Pacha hakuustahili. "Mwanangu, weka mkono hapo."

Dada akaweka. Kiganja kikaingia kwenye mchoro kidole kwa kidole. Akaweka na cha pili. Kikaingia. Kitinda akajifuta kwanza kwenye gauni, akaweka vyake, na kidole chake cha mwisho, kilichopinda kidogo tangu kuzaliwa, kikalala pale pale kilipopinda kile cha kale.

"Mlifanya wapi hivi?" Fundi akauliza.

"Kule, nyuma ya pazia," Dada akasema. "Kuna tope jeupe laini."

"Baba alikuwa anacheka na simu," Kitinda akasema.

Mtaalamu alivua miwani. Aliinama, akatazama vidole, akatazama karatasi, akatazama tena vidole. Mama Birika aliacha kumimina. Baba Pacha akamwona Fundi amebana mwiko kwa mikono miwili, akajisemea kimoyomoyo: Mungu wangu, aamini tu, mengine nitayabeba.

Mtaalamu aliponyanyuka macho yake yalikuwa na machozi.

"Miaka mia nne," akasema. "Vizazi na vizazi. Na kiganja hakijabadilika hata kidole."

Fundi akainuka alipokuwa amechuchumaa.

"Mzee," Fundi akasema, "ni hawa. Hawa hawa. Jumamosi."

"Ndiyo, ndiyo. Damu ile ile. Nilikuwa nawatafuta wazao wao nchi nzima, kumbe wako hapa wanapita kila siku." Akamshika Baba Pacha mkono kwa mikono yake miwili. "Asante, baba. Kwenu mna simulizi zozote za mababu?"

"Babu yangu alihamia hapa kwa treni," Baba Pacha akasema.

"Anaficha," Mtaalamu akamwambia Mwalimu. "Huwa wanaficha." Mwalimu akatikisa kichwa kwa kukubali, akatoa kalamu akaanza kuandika pembeni mwa gazeti.

Mtaalamu akaviringisha karatasi yake, akanywa kahawa yote kwa mkupuo mmoja, kisha akakumbuka. "Fundi, vizuri nimekukuta. Wakubwa wamesoma gazeti, wametuongezea mwaka mzima. Ukuta wa viganja tutaujengea kibanda cha kuulinda, na njia ya wageni. Kesho asubuhi rudini wote sita. Au una neno?"

Fundi alikuwa nalo. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, Baba Pacha aliliona. Likageuka likarudi lilikotoka.

"Sina, mzee. Damu ni damu."

Mtaalamu akavuka barabara. Mwalimu akakunja gazeti, akaondoka akiwa bado anaandika. Mama Birika akakusanya vikombe, mabega yakimtikisika, hakumtazama mtu. Baba Pacha akawashika wanawe, mmoja huku, mmoja huku, akaelekea kwenye gari. Hakujua aombe radhi upya au akae kimya.

Nyuma yake akasikia hatua. Fundi alimfikia, akatazama lango la kasri, kisha akashusha sauti mpaka ikawa ya watu wawili tu.

"Kibanda ni kazi ya miezi mitatu, nimeshapiga hesabu," akasema. "Lakini ukuta wa mashariki nao Ijumaa nautia lipu. Jumamosi, ndugu yangu, walete tena watoto."