Karani Mmoja Anatosha

Jumatatu, 13 Januari

Tumeinunua kampuni jirani. Ijumaa tulikuwa na visima arobaini vya mafuta na gesi. Leo mia moja na kumi na mbili! Bosi wetu, Bi Desjarlais, ameleta keki. Watu wamepiga makofi. Mimi pia, ila viganja vilikuwa baridi. Maana pamoja na visima tumepata karani wao, Oksana Hrynchuk, na kazi yake ni ileile yangu: kukusanya taarifa za visima kila asubuhi kabla ya saa mbili. Bi Desjarlais amesema, huku akilamba kisu cha keki, kwamba karani mmoja anatosha. Ijumaa atasema ni yupi. Oksana akanipigapiga begani. Eti, "Usitetemeke hivyo, mdogo wangu, mimi siumi." Nimekula vipande viwili. Kwa hofu.

Jumanne, 14 Januari

Nyuzi 36 chini ya sifuri. Kila gari uwanjani limechomekwa kwenye nguzo ya umeme ili injini isigande. Nikapata wazo! Asiye na gari huchelewa. Anayechelewa hana taarifa. Saa nane mchana nikajifanya nakwenda kukagua tairi langu, nikachomoa waya wa pikapu la Oksana. Nikarudi mezani, nikanywa bilauri tatu za maji. Saa kumi na moja pikapu likakohoa mara moja, likanyamaza. Nilimsikitikia sana, kwa sauti. Kisha nikaondoka mbio kabla hajaomba lifti.

Jumatano, 15 Januari

Balaa! Oksana hakwenda nyumbani. Alilala kwenye kochi la mapokezi, eti asisumbue mtu. Alfajiri simu ikalia: bomba la kisima kimoja limeganda. Nani alipokea? Nani aliwaamsha mafundi wakapeleka dawa ya kuyeyusha barafu? Nilipoingia saa moja na nusu, taarifa ilikuwa tayari, na Bi Desjarlais alikuwa akimkorogea kahawa kwa mkono wake. Mimi hajawahi kunikorogea chochote. Akaniuliza mbona nimepauka. Nikasema ni baridi.

Alhamisi, 16 Januari

Dawa ni mimi pia kulala kazini. Lakini kwa sababu yenye heshima. Basi nimechomoa waya wa gari langu mwenyewe. Saa kumi na moja likagoma. Vizuri kabisa! Nikavaa uso wa huzuni. Sikumkumbuka Gord, fundi wa visima, mtu asiyeweza kumwacha binadamu kwenye baridi. Nikamwambia nitajibanza kochini. Akasema, "Acha ujinga, kijana. Mama yako nitamwambia nini?" Akanifikisha mpaka mlangoni. Mama akampa supu. Wakanicheka wote wawili: karani wa mafuta hajui hata kuchomeka gari!

Ijumaa, 17 Januari

Sina gari. Basi halikuja. Nimefika saa tatu na robo, nyusi zina barafu. Taarifa imeandikwa na Oksana. Bi Desjarlais akaniita, akafunga mlango. Amesema Oksana anabaki. Halafu, nilipokuwa nikitafuta pa kushika, akaongeza kwamba kampuni inayokua haitupi mtu: ninapelekwa kambi mpya kaskazini, mwendo wa saa tano. Karani yuko huko tayari, anaitwa Clayton. Tutafanya kazi pamoja mwezi mmoja, kisha atabaki mmoja.

Oksana amenifungia chakula cha njiani: pirogi, sambusa zao za viazi za kuchemsha. Akaninong'oneza kwamba waya haujichomoi wenyewe, na kwamba hajamwambia mtu. "Fanya kazi tu, mdogo wangu. Unaiweza." Nikalia kidogo. Nikamwahidi, kwa moyo wote.

Baadaye Gord akanieleza maisha ya kambini. Chakula kizuri. Baridi kali zaidi. Buti zote huvuliwa mlangoni, na bila buti hakuna anayeweza kwenda visimani.

Nimemuuliza, kwa nia njema kabisa, buti za Clayton ni za rangi gani.