Darubini za Waylon Prewitt

Waylon Prewitt alimtambua bwege kwa viatu. Mtu akiingia ukumbi wa maonyesho wa Kessler Flat, msimu wa kulungu ukiwa mlangoni, na viatu vyake vya kuwindia havina hata chembe ya tope, Waylon alimpenda papo hapo kama ndugu wa damu. Na aliyeingia Jumamosi hiyo hakuwa na viatu vipya tu. Koti jipya, kofia mpya, na kibandiko cha bei kikining'inia kwenye mkono wa koti kama medali. Nyuma yake alikuja mkewe, mwanamke mfupi mwenye mkoba mkubwa, akitafuna pai ya cheri.

"Karibu mkubwa," alisema Waylon. "Unawinda au unalenga shabaha?"

"Vyote. Naitwa Murray Haldorson. Nataka darubini yenye nguvu kuliko zote."

Mwindaji yeyote wa Montana anajua kwamba nguvu ndiyo inayoponza watu. Darubini ikikuza kupita kiasi, mkono ukitetemeka kidogo tu, mlima mzima unacheza ngoma. Na jioni, wakati kulungu wanapotoka kula, inakuonyesha giza. Waylon alilijua hilo vizuri. Ndiyo maana pale mezani aliweka darubini moja ya Kiaustria, ya kukuza mara nane, aliyoachiwa na baba yake. Hiyo haikuwa ya kuuzwa, ilikuwa ya kuonjesha. Mteja aliangalia kwa hiyo, akaona nywele za sikio la ng'ombe kwenye kilima cha mbali, akalipa, kisha akafungiwa sandukuni nyingine iliyofanana nayo kwa rangi peke yake, yenye jina la Kijerumani ambalo Waylon alilipaka mwenyewe jikoni kwake.

Murray aliangalia nayo nje dirishani, akashusha pumzi. "Hii inakuza mara ngapi?"

"Ishirini," alisema Waylon bila kupepesa jicho.

"Nifungie. Na kipima umbali pia. Mchana nashindana kwenye mabamba."

Hapo Waylon akasikia utamu mpaka kwenye meno. Mabamba matatu ya chuma yalikuwa yamesimikwa kilimani, na umbali wake haukutangazwa. Kila mshindani alijipimia, akarekebisha bunduki yake, akafyatua. Marekani hupimwa kwa yadi. Lakini kifaa kile kilikuwa na kitufe kidogo. Ukikibonyeza kinahesabu kwa mita, na mita ni ndefu kuliko yadi. Kwa hiyo namba inashuka, mlengaji anadhani bamba liko karibu, na risasi inajichimbia kwenye nyasi. Dalili pekee ni herufi M pembeni mwa kioo, ndogo kama sisimizi. Waylon alikibonyeza huku akifuta kioo kwa shati.

"Nimeshakutayarishia. Wala usihangaike na vitufe."

Murray akakiweka jichoni, akapima mlango wa ukumbi, akamnong'oneza mkewe. "Kizuri. Nakichukua."

"Kifaa nakiamini," alisema Waylon, akikuna kidevu. "Mkono ndio siujui. Mimi naweka dau kwamba hugongi yote matatu."

Mke akaacha kutafuna. "Umesemaje kuhusu mume wangu?"

"Lorraine, achana naye," alisema Murray.

"Siachani naye." Akafungua mkoba, akatoa bunda lililofungwa kwa mpira. "Hizi ni pesa za mbegu. Zote. Anagonga matatu. Wewe unaweka nini?"

Waylon akamwaga mauzo ya siku nzima mezani. Lorraine akayatazama kama mtu aliyepewa chai nusu kikombe.

"Ongeza na hiyo darubini."

Waylon akasita. Ngozi ya darubini ile ilikuwa imelika pale kidole gumba cha baba yake kilipozoea kukaa, na ndicho kitu pekee halali alichokuwa nacho duniani. Lakini lile bunda lilikuwa nene.

"Haya mama," akasema. "Ila usije ukalia."

Dau likawekwa kwa mwamuzi. Mchana Murray akalala kifudifudi, akapima, akanong'ona hesabu zake, akazungusha kirekebisho cha bunduki. Waylon alisimama nyuma, mikono kifuani, uso wa mtu aliyekuja kuhani msiba.

Ting.

Bahati, aliwaza Waylon.

Ting.

Upepo ukainuka. Waylon, ambaye hakuwa ameingia kanisani tangu abatizwe, akaanza kuuombea upepo ule kwa Mungu. Murray akasubiri, akavuta pumzi, upepo ukalegea.

Ting.

"Haiwezekani," alisema Waylon.

Murray alinyanyuka, akajipangusa nyasi. "Ndugu yangu, acha nikushukuru. Sisi ni wa Saskatchewan, ng'ambo ya mpaka. Hesabu zangu zote za bunduki ni za mita. Kila nikija huku wananiuzia vifaa vilivyowekwa kwa yadi, nahangaika navyo mpaka nakasirika. Wewe peke yako umenifikiria. Nilipoiona ile M, nikamwambia mke wangu huyu ni muungwana."

Waylon alimchunguza usoni akitafuta kejeli. Hakuiona. Akamgeukia Lorraine, ambaye tayari alikuwa ameivaa darubini ya Kiaustria shingoni.

"Na hii ya sandukuni tunakurudishia bure," alisema Lorraine kwa upole. "Tusikuache bila ya kuangalizia."

Wakaenda zao. Waylon akarudi mezani kwake, akakaa na kulitazama lile sanduku. Hajakaa sana, akaja mkulima mmoja mwenye viatu vipya, akaomba kujaribu darubini kabla ya kununua. Waylon hakuwa tena na ya kuonjesha, akafungua sanduku. Mkulima aliielekeza nje, akaielekeza ukutani, mwishoni akamwelekezea muuzaji mwenyewe.

"Bwana," alisema, "mbona nakuona mko wawili?"

"Tungekuwa wawili," alisema Waylon, "mmoja angemkanya mwenzake."