Koti ya Rodrigue Imepanda Ndege

Rodrigue alipomuona Mama Salima anakodolea macho ndege ya asubui, alijua leo mulango umefunguka. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi ya Malawi, kila mutu anaangalia ndege, maana kila mutu anangoja yake ya kumuhamisha ng'ambo. Lakini Salima, muuza bitenge kutoka Kindu, kule Kongo, aliangalia na tamaa ya biashara.

"Mama, kule Blantyre kitenge inauzwa mara mbili ya bei ya hapa," Rodrigue alisema, akipangusa vumbi ku koti yake ya buluu. Kijana huyu, bila koti na kravati, hakuonekana hata ku foleni ya maji. "Mi niko na ndugu pale kiwanja ya ndege, Lilongwe. Balo yako ya bitenge inapanda bure. Faida tunagawana."

"Nitajuaje imefika?"

"Si ndege yenyewe njo hii inapitaka hapa juu? Piloti atakutingishia bawa."

Njia ya mwongo ni fupi, bamama, hata akipita hewani.

Salima akaangalia balo yake. Balo ile njo ilikuwa meza yake, nsima, ile ugali ya batoto, sabuni, yote. Na kwa kuangalia sana angani alijua: ndege ya asubui inaenda kaskazini, Mzuzu. Blantyre iko upande mwingine kabisa.

"Zikomo, asante, mwanangu," akasema kwa sauti ya asali. "Kesho ukuje. Ila kwetu Kindu, mwenye kubeba mzigo ya mutu anaacha nguo yake rehani."

"Koti yangu?!"

"Kama haiwezekani, nitatafuta mwingine."

Rodrigue akapima akilini: koti moja, balo nzima. Kesho yake koti ikatoka, balo ikapanda kabaza, baiskeli ya teksi. Lakini safari iliishia ku soko ya Chilinde, palepale Lilongwe, Rodrigue akitaka kuiuza. Mnunuzi akakata kamba: kitenge moja juu, chini magunzi matupu.

"Achimwene, ndugu yangu," mnunuzi akacheka, "unatuuzia chakula ya mbuzi?"

Jioni Rodrigue akarudi mbio, na kambi yote ikaona siri ya ile koti: shati yake ilikuwa kola na kifua tu. Mgongo haikuwepo.

"Mama, umenitapeli! Balo ilikuwa magunzi!"

"Ulijuaje, mwanangu? Uliifungua ndani ya ndege?"

Rodrigue akanyoosha mukono. "Basi nipe koti."

"Nayo niliituma Blantyre. Kesho asubui uangalie juu. Piloti atakutingishia bawa."

Bamama, shikeni balo zenu. Na mukimukuta Rodrigue asubui anaangalia angani, mumusalimie tu. Hataweza kuwafuata: mgongo yake iko ku ukuta.