Kete Ishirini na Nne za Idara ya Maktaba

Idara ya Maktaba inayo heshima kuutangazia umma kwamba kuanzia sasa michezo imeruhusiwa maktabani, mradi ichezwe kwa utulivu, kwa manufaa, na bila furaha iliyopitiliza.

Tangazo hilo nililiandika mimi. Neno "furaha" halikuwemo kwenye rasimu. Mkurugenzi aliliongeza kwa kalamu nyekundu, akaliwekea na masharti yake papo hapo. Mimi ni Afisa Mwandamizi Msaidizi wa Uorodheshaji. Naomba cheo hicho kisomwe taratibu, maana nimekihangaikia miaka kumi na mmoja.

Chanzo cha yote ni meza moja. Katika tawi letu dogo, nyuma ya rafu za jiografia, mkutubi alikuwa ameweka ubao wa drafti bila kibali. Wasomaji walimwita Dada Kimya kwa sababu hajawahi kumwambia mtu anyamaze. Kila Jumamosi hapo alikaa dereva mstaafu wa lori pamoja na mjukuu wake wa kike wa miaka tisa. Mtoto huyo alikuwa amekataa kusoma. Mwalimu alijaribu, shangazi yake alijaribu, pipi zilijaribu. Kisha akashuku kwamba babu yake anamwibia mchezoni. Akaomba karatasi ya kanuni iliyokuja na ubao, akakaa nayo wiki tatu, silabi kwa silabi, mpaka akaweza kumwonyesha kwa kidole.

"Babu, hapa pameandikwa kete ya kawaida hairudi nyuma."

"Enzi zetu ilirudi."

"Enzi zenu hazijaandikwa."

Tangu siku hiyo watu walimwita Hakimu, na akawa anasoma kila kitu: vitabu, chupa za dawa, hata tangazo la mlango wa choo.

Mkurugenzi hakuwa na tatizo na mchezo wenyewe. Tatizo ni kwamba meza ilikuwa chini ya dirisha pekee linaloingiza upepo, na mahali hapo alikwishapabaini kuwa panafaa kwa Chumba cha Tafakuri cha Viongozi, chenye kiti kimoja. Kuiondoa meza waziwazi kungeonekana kama kuiondoa meza. Tukaamua kuiwekea utaratibu.

Hapo ndipo utaalamu wangu ulipohitajika. Maktaba haitambui vitu, inatambua machapisho. Chochote kinachoweza kutoka rafuni kivyake ni chapisho, na chapisho lazima liwe na namba, muhuri na kadi. Kete za drafti ni ishirini na nne. Nilizipa namba zote, nikazigonga muhuri moja moja. Sasa, mwanachama wetu haruhusiwi kuazima zaidi ya machapisho mawili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mchezo mmoja wa drafti unahitaji wanachama kumi na wawili.

Nilipomweleza Mkurugenzi hesabu hiyo alicheka mpaka akavua miwani.

"Afisa, wewe ni hazina."

Nilinakili maneno hayo pamoja na tarehe.

Waraka ukatoka. Jumamosi ya mwisho ya mwezi, tawi lingepaswa kuonyesha mchezo mmoja kamili, wa kete zote ishirini na nne, mbele ya Mwenyekiti wa Bodi. Likishindwa, meza iondolewe na nafasi ipewe matumizi yenye tija. Niliupeleka mwenyewe. Dada Kimya aliusoma akiwa amesimama.

"Watu kumi na wawili kwenye meza ya wawili, Afisa?"

"Tunauita mchezo shirikishi."

"Na nikiwakosa?"

Nilimwonyesha aya inayohusika. Alimtazama tu Hakimu, aliyekuwa amepiga magoti akisoma maelezo ya kizimamoto, midomo ikicheza. Mimi nikatazama viatu vyangu, ambavyo ni viatu vizuri.

Wiki ile Hakimu alipita nyumba kwa nyumba. Akaleta shangazi yake, mume wa shangazi, fundi cherehani, fundi viatu, muuza mitumba, na wengine ambao hawakuwahi kujua kwamba lile jengo si kituo cha polisi. Kila mmoja akachukua kadi na kete zake mbili, akaondoka nazo mfukoni. Jumamosi iliyofuata wakarudi, sita huku na sita kule, na ikadhihirika kwamba kete haisogei mpaka mwenyewe aridhike.

"Sogeza basi, shangazi," alisema Hakimu.

"Nisogee nikaliwe? Kwani nimekukosea nini, mwanangu?"

"Ni kwa faida ya timu."

"Basi aende mjomba wako. Si anazo mbili pale, amekaa nazo kama mayai."

"Mimi nalinda nyuma," alisema mume wake.

"Miaka kumi na minne unalinda nyuma."

Mchezo mmoja ulichukua saa nne. Waliokuwa wakisubiri zamu walichoka, wakaanza kuvuta vitabu rafuni. Fundi viatu alimaliza kitabu cha mito na milima, akauliza kama kina sehemu ya pili. Niliripoti Makao Makuu kwamba maktaba imevamiwa na wasomaji. Mkurugenzi alijibu kwa neno moja: "Vumilia."

Jumamosi ya mwisho Mkurugenzi alifika mapema, kiti chake cha ngozi kikiwa tayari ndani ya pikapu nje. Mwenyekiti wa Bodi, mama mmoja aliyefundisha hesabu maisha yake yote, alikaa mbele akahesabu watu. Walikuwa kumi na mmoja. Fundi cherehani alikuwa zahanati, shavu limevimba kwa jino, na kete mbili zimo mfukoni mwa suruali aliyoivaa.

"Inasikitisha," alisema Mkurugenzi, kwa uzoefu mkubwa wa kusikitika. "Lakini utaratibu ni utaratibu, mheshimiwa."

Dada Kimya alianza kuukunja ubao. Babu alimshika mjukuu wake begani.

"Twende, mama. Tutachezea nyumbani."

"Nyumbani unaiba," alisema Hakimu. Hakuinua macho. Alikuwa na Waraka mkononi, amefika ukurasa wa tisa. Hakuna mtu aliyewahi kufika ukurasa wa tisa. Niliuandika mchana mmoja baada ya kula, ili Waraka uwe mnene.

"Kifungu cha thelathini na moja," alisoma, akiburuza kila neno. "Chapisho likikosekana, nafasi yake itazibwa kwa muda na chochote kilichomo jengoni chenye namba ya Idara."

Mwenyekiti alinigeukia. "Kimo kweli?"

"Kimo, mheshimiwa. Na kimetiwa sahihi."

"Ya nani?"

Nilimtazama Mkurugenzi tu, kwa heshima.

Dada Kimya alifungua ubao tena. Akachukua stepla mezani kwake, namba 0417, akaiweka kwenye mraba wa kwanza uliokuwa wazi. Ikabaki nafasi moja. Hakimu alizungusha macho chumbani, yakaja yakatua kwenye kifua cha Mkurugenzi, pale kinaponing'inia kitambulisho chake.

"Huyu ana namba," alisema.

"Kuna viti hapa," alisema Mkurugenzi. "Kuna meza. Vyote vina namba."

"Viti vimekaliwa, meza inachezewa," alisema Mwenyekiti. "Wewe ndiye usiye na kazi kwa sasa. Simama pale."

Alisimama, kidole kwenye mraba wake, upande wa shangazi, ambaye siku hiyo alicheza dhidi ya Hakimu. Alijaribu kushauri aelekezwe wapi.

"Kete haisemi," Babu alimwambia. "Hiyo hata enzi zetu."

Shangazi, ambaye mwezi mzima hakuwa tayari kutoa kete hata moja, huyu alimsogeza mbele bila kusita. Hakimu akamla katika hatua ya sita. Tukamweka pembeni, karibu na jiografia, na mchezo ukaendelea hadi mwisho. Mwenyekiti akaandika: kete ishirini na nne, mchezo kamili, meza ibaki hapo hapo daima.

Mkurugenzi alitaka kuondoka. Ilinibidi nimkumbushe, kitaalamu, kwamba kilichoziba nafasi huhesabiwa kimeazimwa na tawi kwa siku kumi na nne. Dada Kimya alimjazia kadi, akamgonga muhuri mgongoni mwa mkono, taratibu, asimwumize. Akampa kazi ya kurudisha vitabu rafuni.

Siku kumi na nne zikaisha. Makao Makuu, bila yeye, mafaili yanatembea, tena kwa kasi iliyotushangaza. Utaratibu unasema muda uongezwe mpaka chapisho liombwe na mtu mwingine, na nimemwongezea mara tatu. Leo asubuhi, kabla ya kumwongezea ya nne, nilifungua daftari la maombi nikatazama chini ya namba yake. Ukurasa ni mweupe.