Msamaha Uje Kabla ya Mapumziko

Kwako Dada Mtunzi,

Pokea salamu na heshima zangu. Mimi ni yule kinyozi uliyenipa nafasi ya Shahidi wa Uongo katika tamthilia yako ya haki na msamaha. Nakushukuru kwa kuniamini. Sasa naleta malalamiko, na naomba uyasome ukiwa umeketi.

1. Sehemu ya kwanza nadanganya mahakamani, jirani yangu asiye na kosa anafungwa. Sehemu ya pili napiga magoti, nalia, nasamehewa. Katikati umeweka mapumziko. Watu wanatoka kununua soda na wengine hawarudi. Hao ndio ninaoishi nao mtaani, na kwao sijasamehewa mpaka leo.

2. Kazi imeharibika. Mwenye bucha, niliyemnyoa tangu akiwa na nywele, sasa anakaa kitini ameushika mkono wangu wenye wembe. Fundi viatu kaamua kufuga ndevu, eti ni mapenzi yake tu.

3. Hili ndilo linaloniuma. Siku ya onyesho la kwanza alikuja mama mkwe. Baada ya mapumziko nikachungulia pazia, kiti chake kitupu. Ameondoka na nusu ya hadithi, tena ile mbaya. Mke wangu yuko kwa mama yake na simu zangu hapokei. Ni kweli alikwenda siku mbili kabla ya onyesho, kupumzika, lakini kinachomzuia kurudi ni tamthilia yako. Nimemkumbuka sana, sikufichi.

4. Kwa hiyo naomba msamaha uhamie kabla ya mapumziko. Ikishindikana, nisamehewe mwanzoni kabisa, kabla sijakosa, watu wakiwa bado wanatafuta viti. Ikishindikana tena, njoo na waigizaji wote, hakimu na joho lake, tuimalizie sehemu ya pili sebuleni kwa mama mkwe. Na kama hilo nalo ni zito, basi uongo wangu auseme hakimu. Yeye hajaoa.

Naishia hapo nikitumaini utanifikiria. Nisalimie mwongozaji, fundi wa taa, mama wa tiketi, na yule jirani yangu wa jukwaani. Mwambie kwamba mwenye bucha anamuulizia, kamwekea maini.

Wako katika sanaa na wembe,
Kinyozi

Nyongeza: Kabla sijaifunga barua, shemeji yangu, mdogo wa mke wangu, amepita kunyolewa. Kumbe mama hakuondoka. Alihamia safu ya mbele anione vizuri, akakaa mpaka mwisho. Tangu siku hiyo anasema, "Kumbe kupiga magoti anajua! Alimsingizia mwanangu mbele ya wateja kwamba kapoteza funguo za duka, zikatoka mfukoni mwake mwenyewe, na hata samahani hakumwambia."

Basi, Dada, iache tamthilia yako kama ilivyo. Naomba tu ruhusa ya Ijumaa, nina safari ya ukweni. Ningekwenda na yale maneno yako ya sehemu ya pili, ni mazuri mno, lakini mama keshayasikia. Itanibidi niende na yangu, na mtu mzima mimi naogopa.