Mshipi Usiokatika

Jumatatu, 9 Juni

Mvua. Goti linauma. Bi Mchungaji Heathcote ametangaza kwamba unahodha wa timu ya uvuvi ya kanisa safari hii hautakwenda kwa mazoea. Jumamosi mimi na Wilfred Tunnicliffe tutavua kwa majaribio kwenye bwawa la kiwanda cha matofali. Atakayepima samaki wazito zaidi ndiye atakayetuongoza dhidi ya Waanglikana.

Mazoea! Mazoea ni mimi! Nahodha ndiye anayesali kwa sauti ukingoni kabla ya filimbi. Sala hiyo imekuwa yangu tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Sijamwambia mtu, lakini nikisimama pale, kofia mkononi, Waanglikana wameinamisha vichwa, nahisi Mungu ananisikia vizuri kuliko siku nyingine. Wilfred hajawahi kusali hadharani hata kwa ajili ya keki.

Alinisindikiza hadi langoni. Akasema mwaka jana sikushindwa na Waanglikana, nilishindwa na mshipi wangu wa kuvulia. Ulikatika mara tatu, na mara ya tatu hapakuwa hata na samaki. Nikamwambia ni upepo. "Upepo, ee? Au ulipiga chafya, mzee?" Nilimsamehe palepale. Au karibu nimsamehe.

Jumanne, 10 Juni

Dukani kwa Goldstraw, anayeuza vifaa vya uvuvi. Nikaomba mshipi wa bei nafuu. Akasema nisiulize bei, niulize unene. Mishipi miwili yote imeandikwa ratili nne, yaani uzito unaoweza kuuhimili, lakini ule mwembamba huenda mbali, huzama, na samaki hauoni. Akanifundisha na kubana matumizi: chini ya rili, lile gurudumu la kukunjia, jaza mshipi wa zamani, juu yake funga mita mia tu za mshipi mzuri, maana hakuna samaki wa bwawa letu atakayekimbia zaidi ya hapo. Akaweka mezani kiroli kidogo cha ule mwembamba. Bei kubwa.

Nilimshukuru. Mtu anayekuuzia kidogo kwa bei kubwa, kisha akakuambia unabana matumizi, huyo anahitaji maombi.

Sokoni, kwenye meza ya soksi na betri, nikauona. Roli kubwa kama birika! Mita elfu! Rangi ya chai, umeandikwa ratili nne, na bei haifiki nusu ya kile cha Goldstraw. Muuzaji akasema, "Chukua, baba, huo utakuzika." Nimechukua.

Jumatano, 11 Juni

Jaribio la nguvu. Nilifunga mshipi kwenye kigingi cha kutundikia makoti pale kanisani, nikaning'iniza kikapu, nikatia vitabu vya nyimbo kimoja kimoja. Haukukatika. Nikaongeza sahani ya sadaka, ile ya shaba. Haukukatika! Kilichokatika ni kigingi. Vitabu vilimwangukia Bi Mchungaji mguuni. Alitamka neno ambalo siliandiki, kisha akaniomba nimwombee. Nilimwombea.

Nyumbani Glenys, mke wangu, akasema, "Clement, kama umeandikwa ratili nne na unabeba maktaba, basi huo si wa ratili nne. Hiyo ni kamba ya kuanikia nguo." Nikamweleza kwa upole kwamba tumepewa nguvu ya ziada bure. Akarudi kwenye pasi yake.

Alhamisi, 12 Juni

Nilimpelekea Wilfred kipande kirefu cha mshipi kwa upendo wa kindugu. (Watu humkumbuka nahodha mkarimu.) Aliupapasa kwa vidole, akaunusa. "Asante, ndugu. Krismasi nitafungia bata mzinga."

Kasoro ndogo imejitokeza. Mshipi unajiviringa kama springi za godoro, na kwenye beseni la kuogea unaelea. Unatakiwa uzame, usipeperushwe na upepo. Lakini dawa yake kila mvuvi anaijua: tone la sabuni ya vyombo kidoleni, unaupaka, unazama. Sasa, kama tone moja linasaidia! Nimeuloweka wote kwenye ndoo, pamoja na chupa nzima. Nyumba inanukia limau. Glenys anaosha sahani kwa maji matupu.

Ijumaa, 13 Juni

Wilfred na wenzake hufunga kipande chembamba karibu na ndoana, ili ndoana ikinasa mahali kikatike hicho tu. Mimi nina mshipi usiokatika. Cha nini? Nimefunga ndoana moja kwa moja. Akiba nyingine! Nimesali, nimelala mapema.

Jumamosi, 14 Juni

Nilirusha. Kiboya kilianguka karibu na viatu vyangu. Nikaweka kikubwa zaidi, kikaenda kidogo. Rili ikaanza kutoa povu. Povu likasambaa bwawani, bata mmoja akapita katikati yake amejaa ndevu nyeupe. Wilfred, jirani yangu wa kulia, alikuwa anavuta samaki mmoja baada ya mwingine bila kelele na kuwatia kwenye wavu wake majini, wasubiri kupimwa. Mimi nilipata mmoja. Mrefu kama kijiko cha chai.

Upepo ulitoka kushoto. Mshipi ulikuwa bado unaelea.

Adhuhuri kiboya kikazama. Nikavuta. Mzito! Nikapiga kelele, Haleluya! Wilfred naye akapiga kelele, "Clement! Acha! Ni wavu wangu huo!" Nilidhani ni wivu. Mshipi mwingine wowote ungekatika. Wangu uling'oa nguzo ya wavu, ukaupindua, samaki wote wakaenda zao. Wilfred alikuwa ameshika upande wa pili, hakuachia. Akaingia bwawani hadi kiunoni, na miwani.

Tukapima. Wilfred hana kitu. Mimi nina kijiko cha chai. Nikakumbusha, kwa unyenyekevu, kwamba kanuni ni kanuni. Bi Mchungaji akasema samaki wa Wilfred kila mtu aliwaona. Glenys, aliyeleta mikate, akasema, "Nyamaza, baba." Unahodha amepewa Wilfred.

Jumapili, 15 Juni

Imetangazwa rasmi. Niliimba sauti ya pili kama kawaida. Sijui niliimba nini.

Jioni Wilfred akaja, akakataa kuketi. Akasema amejaribu ile sala kwenye kibanda cha bustani, akafika "Ee Bwana", kisha kikohozi. "Samaki najua kuwavuta, Clement. Maneno hayaji." Akaniomba nisali mimi kama zamani, yeye afanye mengine. Ila kwa sharti moja: nivue kwa mshipi anaotumia binadamu. Akaweka mezani kiroli cha kwa Goldstraw, kipya, mita mia. "Shika. Na usinijibu."

Glenys akamkatia pai. Mimi nikaingia stoo kutafuta haradali, nikalia kidogo.

Jumatatu, 16 Juni

Nilipita sokoni. Bila nia yoyote. Yule bwana wa soksi alikiona kiroli cha Wilfred mkononi mwangu, akasema kwa hicho atanipa maroli mawili makubwa. Mita elfu mbili kwa mita mia! Nilifikiria kukataa, kwa muda wa kufungua mfuko tu. Haya mapya ni ya kijani, manene zaidi.

Kabla ya kumpa nilikata mita chache. Nimezikunja juu ya rili ya zamani, maana Wilfred atakagua, ndivyo alivyo. Rili ya pili, yenye mshipi wa kijani, itakaa mfukoni. Wakishafumba macho kwa sala yangu, nabadilisha.

Sala ya mwaka huu nimeshaianza. Nimeongeza wagonjwa, wasafiri na serikali, kwa kuwa vidole vyangu si vyepesi kama zamani.